Pikapu Isiyo na Sauti Yafika Machochwe

Nyangi alinipigia simu nikiwa kazini, Tarime mjini, nimekaa kiti cha pembeni huku mwanafunzi wangu akirudi nyuma moja kwa moja kuelekea kibanda cha vitumbua. Nikakanyaga breki ya mwalimu, nikamwambia mwanafunzi apumue, nikamwomba radhi mwenye vitumbua kwa ishara ya mkono, ndipo nikapokea.

"Mwalimu Robi, wewe ndiye uliyenifundisha gari," alisema. "Sasa njoo unisaidie kwa baba mkwe."

Nyangi ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa maziwa huko Machochwe, wilaya ya Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi. Maziwa yao husafirishwa na bodaboda hadi kwenye tangi la kupoza Mugumu mjini. Ile pikipiki ikiharibika njiani, nayo huharibika mara kwa mara, maziwa huchacha na jasho la wiki nzima humwagwa kwenye majani. Mfanyabiashara mmoja wa Sirari alikubali kuwaazima pikapu ya umeme waijaribu, na Nyangi ndiye angekuwa dereva. Kikundi kizima kiliafiki, isipokuwa mtu mmoja, Mzee Marwa, baba mkwe wake. Bahati mbaya ng'ombe wa Mzee Marwa ndio wanaotoa maziwa mengi kuliko ya wengine wote, na bila yeye kikundi kinabaki jina tu.

"Amesema nini hasa?" nikauliza.

"Amesema gari lisilo na sauti halitaingia bomani kwake. Basi. Mume wangu alimuuliza sababu, akafukuzwa. Na mimi unajua siwezi."

Nilijua. Sisi Wakurya mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawakai pamoja, wala hawabishani uso kwa uso. Wakikutana njiani kila mmoja hujitenga upande wake na kugeuza uso. Nyangi angeweza kuwashawishi wanakijiji wote lakini si huyo mmoja aliyemhitaji. Nikamwambia nitakuja, tena nitakuja na hiyo hiyo pikapu, nimwone huyo mzee anayeogopa kitu kwa sababu hakipigi kelele.

Asubuhi ya safari, Tarime. Kijana aliyeileta pikapu kutoka Sirari alinikabidhi ufunguo kwa Kiswahili chao cha mpakani. "Madam, hii gari iko poa sana. Ikiona kitu mbele inajisimamisha yenyewe. Wewe ni kukaa tu."

Hapo kwenye "kukaa tu" ndipo damu iliponichemka. Nimetumia miaka yangu yote kuwaondoa watu kwenye ugonjwa huo wa kukaa tu. Nikamwambia anionyeshe kila kitu, kimoja kimoja, na kijana wa watu akatii. Juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, palikuwa na kamera, na kwenye bampa vifaa vidogo mfano wa vifungo vya koti vinavyopima umbali. Gari likiona hatari mbele huonya kwa mlio, na dereva asipotii hujishika breki lenyewe. Likivuka mstari wa barabara bila kuwashiwa taa ya kuashiria, usukani hutetemeka mkononi. Ni msaada mzuri, sikatai. Lakini nyumbani kwangu msaidizi wa kazi huja kusaidia, halafu bado mimi ndiye mama wa nyumba.

Kutoka Tarime kuelekea Nyamongo niliendesha nikicheka peke yangu kama mwehu. Gari halina ngurumo! Niliyasikia majani ya migomba, nikasikia wanawake wakisalimiana shambani, na jogoo wa watu akiwika nyuma ya ua. Kwenye miteremko niliachia mguu, nikaona kwenye skrini chaji ikirudi kidogo kidogo, maana betri hujijaza gari linaposhuka. Kwenye vilima ililiwa haraka zaidi, na nilipowasha kiyoyozi ikaliwa zaidi bado, kwa hiyo nikafungua dirisha. Lami ilipoishia, ule msaidizi wa mistari naye aliacha kazi. Barabara ya vumbi haina mistari, kwa hiyo hakuwa na cha kulinda.

Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, nilisimama kununua ndizi, nikajikuta mbele ya mkutano wa hadhara. Watu walitoka dukani, wakatoka kwenye mashine ya kusaga, wakalizunguka gari wakitafuta bomba la moshi. Fundi baiskeli mmoja aitwaye Matiko aliinama chini ya uvungu kabisa, akatoka na vumbi kwenye nywele.

"Mwalimu, mvua ikinyesha si litatupiga shoti?"

Nikaeleza kwamba betri imefungwa ndani ya sanduku la chuma lisilopitisha maji, na kwamba mvua si tatizo. Tatizo ni mtu kujitosa mtoni maji yakiwa mengi, jambo ambalo hata gari la dizeli halipendi. Nikaonya pia kwamba betri hiyo fundi wa kijijini asiifungue hata kwa udadisi, kwa sababu umeme wake unaua. Matiko akaficha spana yake mfukoni, watu wakamcheka.

Halafu wakataka kuona linavyojisimamisha. Nikapanga maboksi matupu ya sabuni katikati ya uwanja, nikayaendea taratibu bila kugusa breki. Gari likapiga mlio, likakita, boksi likabaki limesimama salama. Vigelegele vikalipuka! Kabla sijashuka, Matiko alikuwa amekwenda kusimama mahali pa maboksi, mikono kiunoni.

"Mura, wewe kijana, toka hapo!" nikapiga kelele. "Mimi nimejaribu kwa maboksi kwa sababu maboksi hayana mama."

Nikawaambia kwamba kifaa hicho kinaweza kukosea, hasa kwenye vumbi, mvua na jua la kutazamana nalo, na kwamba mguu wa dereva ndio breki ya kwanza. Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Lakini niliona wazi kuwa lililowaingia ni lile la gari linaloona, na lile la kukosea limebaki pale uwanjani na maganda ya ndizi.

Jioni nikafika Mugumu, nikapata chumba kwa Mama Wambura, mwenye nyumba ya wageni. Nilimwomba kuchaji, akaniangalia kana kwamba nimeomba kulaza ng'ombe sebuleni.

"Gari zima kwenye soketi yangu?"

"Zima, mama. Nitalipia umeme, na nitakaa hapa niangalie."

Ilikuwa vizuri nilivyokaa, kwa sababu soketi ya kwanza ilianza kupata joto. Nyaya zake zilikuwa za zamani. Tukahamia soketi ya jikoni, iliyofungwa karibuni, nayo ikavumilia. Tukala ugali wa muhogo na dagaa huku gari likinywa polepole dirishani. Asubuhi betri haikujaa, ila ilitosha kwenda Machochwe na kubaki na akiba. Mama Wambura aliligusa boneti kwa kiganja akasema ni mgeni mstaarabu, halijamwamsha mtu.

Machochwe. Nyangi alinipokea kwa kunikumbatia mpaka kilemba kikanianguka. Alinionyesha nyumba ya kikundi yenye paneli za jua juu ya bati, keni za maziwa zilizosafishwa na kupangwa kwa kupinduliwa, na sehemu aliyokwisha kuifagia kwa ajili ya kuegesha. Ameshafagia kabla ya kukubaliwa!

"Akikataa?" nikamuuliza.

"Akikataa, kikundi kitavunjika kabla ya masika. Wenzangu wamechoka kumwaga maziwa. Kila mtu atarudi kuuza kwake kwa vikombe, na mimi nitarudi jikoni."

Jua liliposhuka tukasikia kengele. Lilikuwa kundi la Mzee Marwa linarudi, mbele ametangulia dume mkubwa mweusi mwenye kengele ya chuma shingoni, na nyuma yake mzee mrefu, koti la mvua begani, fimbo mkononi. Nyangi alitoweka nyuma ya jiko kama heshima inavyotaka. Nikabaki na mama mkwe wake, Mama Bhoke, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu.

"Shikamoo, tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kikurya chetu.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa Tarime, tata. Nyamwaga. Ni mwalimu wa madereva."

Aliongea nami akitazama mahali palipo pembeni ya bega langu. Nilidhani ni dharau. Nilipompa mkono, wake ulikwenda kushoto kidogo, ukarudi, ukanipata.

"Kumbe ndiye uliyeleta gari la mwizi," akasema.

"Limekuwa la mwizi kwa lipi, tata?"

"Mtu mwema akija kwako anakohoa mlangoni. Anayekuja bila sauti ni mwizi. Na mnasema linaona. Nimesikia ya Busawe. Likiona, sisi wenye macho tutabaki na kazi gani?"

Habari za maboksi zilikuwa zimenitangulia. Nikamwomba aje tu kesho kwenye barabara, alione likifanya kazi mbele ya kikundi, kisha akatae akipenda. Akasema atakuja kukataa.

Asubuhi wanakikundi walijipanga kando ya barabara. Mzee Marwa alisimama peke yake upande wa pili, na Nyangi akajificha kwa heshima nyuma ya ukuta wa nyumba ya kikundi, mahali pa kusikia bila kuonekana. Nikapanga keni kuukuu tatu barabarani, nikarudi mbali, nikaanza kuja. Sikuwa nimefika hata nusu ya njia, gari likalia mlio wa ajabu na picha ya njano ikawaka kwenye skrini. Nikasimama mwenyewe kwa mguu wangu.

"Limekufa?" watu wakauliza.

Nilishuka nikiwa nimeona aibu, maana kosa lilikuwa langu. Vumbi la jana lilikuwa limeganda kwenye kioo mbele ya kamera, na mimi mwalimu sikufuta. Ikabidi niseme ukweli. "Halijafa. Linatoa taarifa kwamba kamera imezibwa, halioni mbele vizuri, kwa hiyo dereva asilitegemee."

Mzee Marwa akainua uso. "Limesema lenyewe?"

"Lenyewe, tata."

"Kwamba halioni?"

"Ndiyo."

"Mbele za watu wote hawa?"

"Mbele za watu wote, tata. Limeundwa hivyo. Lisiposema, litaua."

Mzee akachora chora chini kwa fimbo. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo kisicho na furaha sana. "Basi lina moyo kuliko mimi," akasema.

Akalitoa la moyoni pale pale barabarani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetua mzigo. Macho yalikuwa yamemwacha muda mrefu. Upande wa kulia anaona moshi mtupu, wa kushoto anaona vivuli. "Mnadhani nafuata ng'ombe," alisema, "kumbe ng'ombe ndio wananipeleka. Naifuata ile kengele." Hakumwambia mtu kwa sababu mwenye kundi asiyeona hunyang'anywa fimbo na wanawe, kwa upendo kabisa, akaambiwa apumzike. Barabarani hutegemea masikio. Gari likija husikia ngurumo, akatoka njiani.

"Sasa mniletee hili la kimya," akasema, "na ndani yake yuko mkamwana wangu. Litanikuta katikati ya njia. Mimi na mkamwana, uso kwa uso, anipigie honi kama mbuzi! Aibu itaniua kabla ya chuma."

Mama Bhoke alijifunika mdomo kwa khanga, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi nami nilijisikia vibaya. Nilikuja kumfundisha mtu aache hofu ya kijinga, na hofu yake ilikuwa ya kweli kuliko somo langu lote. Gari hilo likienda polepole hutoa mlio mdogo wa kutahadharisha watu, lakini ni mwembamba mfano wa mbu, na kwa upepo wa Machochwe hausikiki mpaka gari likukaribie.

"Tufanye nini, tata?" nikamuuliza.

"Mnyama anayetangulia huvishwa kengele," akajibu. "Mleteni yule dume."

Tukaifungua kengele shingoni mwa dume tukaifunga kwa waya kwenye bampa, chini ya vifaa vya kupimia umbali ili visizibwe. Nyangi akaitwa, akapita mbali na mzee, akaingia kwenye usukani. Nikakaa pembeni yake, mguu wangu ukitafuta breki ya mwalimu ambayo haikuwepo. Akaondoa gari. Kengele ikalia vizuri, ko-ko-ko, kila mtu akashangilia.

Hakuna hata mmoja wetu, wafugaji watupu tangu tumboni, aliyefikiria ng'ombe.

Kundi zima lilikuwa zizini likisubiri kutoka. Liliposikia kengele inaelekea Mugumu, likaamua kwamba siku imeanza. Ng'ombe walisukuma miti ya lango, wakamiminika barabarani, wakalifuata gari kwa utii mkubwa. Nyangi akasimama. Wakalizunguka. Hapo pikapu ikapagawa: mlio mbele, mlio nyuma, mlio kushoto, skrini nzima nyekundu, breki zimekatalia. Ndama mmoja akaanza kulamba kioo cha pembeni. Yule dume mweusi akaja mbele, akainusa kengele yake kwenye bampa, akatutazama mimi na Nyangi kwa masikitiko.

"Mwalimu, hili ulinifundisha ukurasa gani?" Nyangi akaniuliza huku anacheka mpaka anashika usukani kwa viwiko.

Barabarani Mzee Marwa alikuwa ameelewa kwa masikio kila kilichotokea. Alicheka akakosa nguvu, akakaa chini kwenye vumbi na koti lake, na wanakikundi wakacheka kwa kumwona yeye. Kazi ya kuwarudisha ng'ombe ilichukua asubuhi yote iliyobaki.

Baada ya chai, Mama Bhoke aliingia ndani akatoka na njuga, zile njuga nzito za miguuni ambazo mzee alichezea ngoma ujanani. "Hizi ng'ombe hawazijui," akasema. "Ni mimi tu niliyezifuata." Mzee akaona haya kama kijana, na sisi tukafurahi sana.

Tulipozifunga, ng'ombe zizini waliinua masikio, wakaendelea kucheua. Mzee akaenda kusimama katikati ya barabara, amelipa gari mgongo. Nikamkatalia. Akakataa kukataliwa. Tukakubaliana kwamba Nyangi aje polepole na mimi nisimame hatua moja nyuma ya mzee, tayari kumvuta. Haikuhitajika. Pikapu ikiwa bado mbali aligeuza kichwa kidogo, akajitenga upande wa kushoto bila haraka, akasimama na uso umeelekea shambani. Nyangi akapita, naye ametazama mbele, macho yameshuka kidogo. Kila mtu alimpa mwenzake heshima yake yote.

"Maziwa yangu yapakiwe," mzee akasema.

Kesho yake ilikuwa safari ya kurudi, na tulikuwa na abiria. Nilikuwa nimemweleza mzee kwamba ukungu wa macho mara nyingine ni mtoto wa jicho, jambo linalotibika, na kwamba hospitali ya Mugumu iko hatua chache kutoka kwenye tangi la maziwa. Wanawe walitaka kumpeleka kwa pikipiki. Akasema atakwenda na maziwa yake. Desturi haijasema kitu kuhusu pikapu ya milango minne, kwa hiyo Mama Bhoke akaamua: mzee akae kiti cha nyuma, khanga itundikwe katikati. Nikaishusha khanga kidogo ili kioo cha ndani kibaki wazi. Gari likalia na kulia mpaka mzee alipofunga mkanda. "Linasumbua kama mke," akanung'unika, lakini akafunga.

Tulitoka Machochwe njuga zikilia, keni zimejaa, Nyangi kwenye usukani. Alipunguza mwendo mwenyewe kila alipoona mifugo, hakusubiri kuonywa. Nilikuwa sina kazi, nikafurahi kutokuwa nayo. Tulipokaribia Mugumu picha ya njano ikawaka tena. Kabla sijafungua mdomo, Nyangi aliegesha pembeni, akashuka, akaanza kufuta kioo kwa pindo la khanga yake.

"Mwalimu," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mbona tumesimama?"

"Mkamwana wako anafuta jicho la gari, tata."

Nyangi alikuwa amesharudi kitini, anasikia kila neno, nasi sote watatu tungeweza kushikana mikono tulipokaa.

"Mwambie ahsante kwa kuniendesha vizuri," mzee akasema.

Nikamgeukia Nyangi. "Baba mkwe anasema ahsante kwa kumwendesha vizuri."

Nyangi akainamisha kichwa, akafunga mkanda. "Mwambie tata nitamsubiri hospitalini mpaka atoke."

Nikageukia khanga nikamwambia. Nikasikia anavuta pumzi.

Pikapu nimemwachia Nyangi, nami nimesharudi Tarime, kiti changu cha pembeni, breki yangu ya mwalimu. Watu wananiuliza nimejifunza nini kuhusu magari ya umeme, nami nawaeleza habari za chaji, soketi za zamani na vilima. Lakini darasani kwangu sasa hakuna anayegusa usukani kabla hajafuta kioo, kisha akae aniambie kwa sauti kutoka pale alipo haoni wapi. Wa kwanza kuulizwa alikuwa yule wa kibanda cha vitumbua. Alitazama huku na huku, akasema, "Mwalimu, nyuma sioni kabisa." Nikampa mkono.